Bangili za Bi Batula

Kenga, mfagizi wa nyumba ya wazee pale Idsowe, alimgusa Bi Batula mguu ili amwamshe, akaukuta umekuwa baridi. Ilikuwa asubuhi moja ya Machi, mwaka 1957, jua halijapanda. Ilipogonga saa mbili, Sajini Godhana alikuwa amekwisha fika kwa baiskeli kutoka Garsen.

Dama, msimamizi wa nyumba, alimpokea mlangoni, macho yamemvimba.

"Ni yule Abduba, mtoto wa kaka yake," alisema. "Alikuja jana mchana na kibuyu cha maziwa. Wakagombana, sote tulisikia. Tangu hapo mama wa watu hakuwa mzima tena."

"Unasema alitiliwa sumu?"

"Nasema nilichokiona, Sajini."

Chumba cha wanawake kilikuwa kisafi. Shuka nyeupe, magodoro makavu, hata chembe ya harufu ya mkojo hakuna. Kando ya vitanda hapakuwa na kikombe wala kata ya kunywea maji. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa maiti alilala Tuneya, mama mkubwa wa Godhana. Godhana mwenyewe ndiye aliyemleta hapa mwaka uliopita, mkewe alipochoka kumuuguza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," Tuneya aliitikia, uso ameuelekeza ukutani.

Godhana akainama juu ya maiti. Midomo ilikuwa imepasukapasuka, ulimi umekauka. Bangili za shaba zilikuwa zimesukumwa juu hadi karibu na kiwiko, zimebana nyama. Chini, pale bangili zinapokaa siku zote, ngozi ilikuwa imechubuka kuuzunguka mkono wote. Kibuyu cha maziwa kilikuwa dirishani, upande wa pili wa chumba. Alikiinua, akakiona kizito. Akaondoka nacho.

Alimkuta Abduba mtoni, ananywesha ng'ombe. Alipopewa habari, mtu yule mrefu aliketi palepale kwenye matope.

"Mligombania nini?" Godhana aliuliza.

"Shangazi alisema, nichukue leo, nirudishe nyumbani. Mimi nikasema, ng'ombe wanakwenda mbali, majani hakuna, ngoja mvua. Akasema, mvua haitanikuta." Abduba alijipiga kifua. "Mimi nikaona anadeka kama mtoto. Nikampa kibuyu mkononi, nikaenda zangu."

"Mkononi? Si dirishani?"

"Mkononi mwake. Alikikumbatia."

"Wanasema ulitia sumu."

Abduba alimnyang'anya kibuyu, akakifungua, akanywa kwa mafunda makubwa. Maziwa yaliyoganda yakamtiririka kidevuni.

"Basi na mimi nife!"

Hakufa. Tena Godhana alikuwa ameona kwamba kibuyu, kilipofunguliwa, kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Mwanamke wa Kiorma, kabila la wafugaji, kiu imempasua midomo, ana maziwa ya ng'ombe wa kwao, asiyaguse? Mtu alikuwa amemwondolea kibuyu. Na mikono yake haikuweza kukifuata.

Adhuhuri alirudi Idsowe pamoja na konstebo mmoja. Akawaita Kenga na Dama mle mle chumbani, mbele ya wazee.

"Kenga, mtungi wa maji uko wapi?"

Kenga alimtazama Dama. "Stoo."

"Unafanya nini stoo wakati wa joto kama hili?"

"Hufungiwa baada ya alasiri. Ili wasilowanishe vitanda."

"Na mikono yao?"

Kenga akaanza kulia. "Wanaoinuka kutafuta maji tunawafunga kwa vitambaa. Mimi upande wangu, yeye upande wake. Bi Batula bangili zake zilizuia fundo, tukazipandisha. Lakini leo nilimkuta amekwisha funguliwa, Sajini, wallahi."

"Nani alimfungua, Dama?"

Dama aliketi ukingoni mwa kitanda kitupu. Hakukana.

"Mimi. Nilitangulia kuingia, nikamkuta hivyo. Nikaogopa. Nikakumbuka kelele za Abduba."

"Na kibuyu?"

"Angekunywa maziwa, angelowesha." Alikunjakunja pindo la kanga yake. "Mwaka jana kamati ya wafadhili ilikuja hapa ikaziba pua. Wakasema wakirudi wakaukuta uvundo ule, nyumba itafungwa. Tuko wawili tu, Sajini. Hawa wangekwenda wapi? Nikaanza kuwanyima maji ya kulalia tu. Vitanda vikakauka. Wageni waliporudi walinipa mkono, mmoja mmoja. Basi nikawa nafunga mtungi mapema zaidi."

"Hukuwasikia wakiomba?"

"Niliwasikia. Mwanzo nilikuwa nalia. Baadaye nikawa narudisha mlango."

"Na Bi Batula?"

"Aliita kwa Kiorma." Dama alifunika uso. "Nikajiambia sijui anasema nini."

Konstebo aliwatoa nje wote wawili, Kenga akiwa bado analia. Godhana alibaki amesimama kando ya kitanda cha Tuneya. Alitaka kukasirika, hakujua amkasirikie nani.

"Mama mkubwa, kwa nini hukuniambia?"

Tuneya akageuka, polepole. "Ulikuja siku ya Idi. Ukapapasa shuka, ukasema hata nyumbani kwako hakuna kitanda kama hiki. Ukamshukuru Dama mbele yangu. Ulikuwa umefurahi, mwanangu. Ningesema nini?"

 Sajini alikwenda stoo, akalipiga kufuli kwa jiwe hadi likavunjika, akaubeba mtungi kifuani, maji yakimwagikia sare yake. Akamwinua Tuneya kichwa.

"Anza na wenzangu," Tuneya akasema.

Akapita kitanda kwa kitanda na kata. Dama alikuwa amekwisha pelekwa Garsen, na wazee walimwona akiondoka. Hata hivyo kila mmoja, kabla ya kunywa, aliutazama mlango kwanza.