Samaki wa Mwamba Uliofungwa

Kila Jumamosi, baada ya chai na mkate, Yasna alichukua kopo lake lililozungushiwa mshipi, akatia kaa wadogo wa chambo kwenye mfuko, akaenda kuvua samaki wa supu. Miamba ya kaskazini ilikuwa mwendo wa saa nzima, na Yasna, pamoja na miaka yake kumi na miwili, alikuwa mvivu wa kutembea. Tusimfichie.

Jumamosi hiyo aliishia njiani, kwenye mwamba ambao chama cha wavuvi kilikuwa kimeufunga kwa miaka mitatu ili samaki wazaane. Chini yake, katikati ya mwani mrefu, aliishi samaki mkubwa mweusi ambaye wavuvi walimwita Ajuza. Wavuvi waliozamia huko walimjua kwa pezi lake lililochanika, naye hakuwakimbia.

"Mmoja tu," Yasna alijiambia, akatupa mshipi.

Hazikupita dakika tano. Alipomvuta juu na kuliona lile pezi, alijua ni Ajuza, lakini samaki alikuwa ameshameza ndoana. Akamparua magamba palepale mwambani, akakitupa kichwa na mapezi baharini.

"Umempata wapi huyu?" aliuliza bibi yake, aliyekuwa kitandani kwa mafua.

"Kaskazini, bibi."

"Miguu yako ibarikiwe, mjukuu wangu."

Wote walikula na kusifu. Yasna peke yake hakumaliza bakuli lake.

Jumatatu wazamiaji walishuka kuhesabu samaki, wakamkosa Ajuza. Mwambani wakakuta magamba. Jioni wavuvi walikutana kwenye banda la chama, na Yasna alikuwa akiwagawia chai.

"Nibaldo alionekana pale Jumamosi," alisema mmoja. "Mwizi ni mwizi tu!"

Mwaka juzi Nibaldo alikuwa amekamatwa akivua wakati uvuvi umefungwa.

"Nilikuwa naokota mwani uliotupwa na mawimbi, jamani!" Nibaldo alilia. "Nina watoto watatu. Nisipozamia watakula nini?"

Sheria ilikuwa moja: nyumba ya mvunja sheria haizamii msimu mzima. Mwenyekiti alikuwa Eliseo, baba yake Yasna, naye pia aliishi kwa kuzamia.

"Wanaokubali aadhibiwe wanyooshe mikono," alisema.

Mikono ikapanda. Yasna alihesabu kumi, kumi na moja. Akisema, baba yake atakosa kazi. Akinyamaza, watoto wa Nibaldo watalala njaa kwa kosa lake yeye.

"Shusheni mikono," alisema Yasna. "Ni mimi."

"Acha utani, mtoto," Eliseo alimkemea.

"Si utani. Nilimvua mimi. Bibi alimla. Na wewe baba ulimla, tena uliongeza bakuli la pili."

Eliseo akaketi, uso umemshuka.

"Huyu ni mtoto, mwenyekiti," mmoja alisema kwa upole. "Tumsamehe yaishe."

"Nibaldo tusingemsamehe," Eliseo alijibu. "Msimu huu sizamii." Akavua kofia, akamgeukia Nibaldo. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mimi huanza kuokota mwani saa kumi na mbili asubuhi," alisema Nibaldo. "Njoo na glavu, mwenyekiti. Utachubuka."

Njiani kurudi nyumbani Yasna alilia kwa kwikwi. "Nimekukosesha kazi, baba."

"Ndiyo, umenikosesha, na nimekasirika." Akamfuta machozi kwa kofia yake. "Ajuza hakuwakimbia watu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumuua. Nibaldo ana jina baya, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumhukumu, na mimi ndiye niliyewaambia wanyooshe mikono. Anayeonewa kirahisi ndiye wa kulindwa kwanza, binti yangu. Samaki umechelewa kumlinda, lakini mtu umemuwahi."

Asubuhi, Eliseo alipokwenda kumwamsha, alikuta kitanda kitupu. Yasna alikuwa ameshatangulia ufukoni, amejitwika mwani mbichi, akimfuata Nibaldo nyuma.