Mgeni wa Bandani

Hodi ile ilitoka chini, usawa wa goti. Fundi cherehani aliisikia vizuri, lakini alikuwa na pini nne mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani, na mtu aliyelelewa vizuri hajibu hodi kwa maswali. Akaitikia kama alivyozoea tangu utotoni.

"Karibu! Pita tu, mlango uko wazi."

Hakupita mtu. Ilipita harufu: mbwa aliyelowa, mkojo uliolala, na utamu fulani wa nyama iliyoanza kulegea. Akatema pini kiganjani, akaenda mlango wa jikoni. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa ua mzima. Banda la kuku lilikuwa limefungwa, kufuli mahali pake, na kuku wote kumi na mmoja wamesimama wima. Hakuna aliyeparura wala kudonoa.

Wiki moja nyuma mbweha alikuwa amewala tetea wawili, akaacha miguu tu. Mumewe, mchomea vyuma, aliona aibu: nyumba ya fundi vyuma iibiwe na mnyama! Akachomelea banda la nondo na wavu mzito, akalipiga teke mara tatu, akasema, "Humu haingii hata sisimizi, labda akaribishwe." Wote wakacheka. Hata mama mkwe alicheka, na yule hacheki ovyo.

Mama mkwe alikuwa na jina lake la kumwita fundi: "mgeni wetu." Mgeni wetu kaamka? Mgeni wetu kaunguza tena? Miaka tisa ya ndoa, mgeni! Fundi alimeza yote. Kuku walikuwa wake, cherehani ilikuwa yake, lakini neno "nyumbani kwangu" hakuthubutu kulitamka mbele ya mama yule, na hakuna kitu alichokitamani kama siku ya kulitamka.

Mume alipokuja kula alifungua banda, akamwinua tetea mwekundu. Akashtuka: kuku alikuwa mwepesi kama mfuko mtupu. Kwa nje mzima, manyoya yamelala vizuri, macho wazi. Ndani hamna kitu. Amekwanguliwa na kurambwa kutoka shingoni hadi mkiani, na mate yaliyobaki yakamvutika mume vidoleni kama ute wa bamia. Wote kumi na mmoja walikuwa hivyo. Mume alitapika pale pale, kwenye viatu vyake vya kazi.

"Kufuli nani kafungua?" aliuliza, akijifuta mdomo.

"Hakuna. Si hilo hapo, limefungwa!"

"Kuna mtu kaja?"

Fundi akageuka kuutazama mlango. "Kuna mtu kapiga hodi."

"Ukamwambiaje?"

"Kwani mtu huambiwaje, baba?"

Siku ya pili hodi ilikuja tena saa sita, safari hii kwa sauti ya mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya cherehani, akifumua pindo. Wakwe wawili wale, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi, wakashikana mikono na kuziba midomo. Mgeni wa siku ya pili hangoji kuitikiwa. Mbweha aliingia. Alikuwa na ukurutu mgongo mzima, masikio yaliyotafunwa, na tumbo lililoburuta sakafuni na kuacha njia ya utelezi. Akaenda jikoni, akajilaza chini ya meza, akakohoa, kisha akatapika donge la manyoya ndani ya sufuria ya wali, akalitazama kwa muda, akalila tena polepole pamoja na wali.

"Jamani," mama mkwe alinong'ona, "mimi nakufa kwa kinyaa kabla ya woga."

Jioni hiyo mume alimleta mganga. Watu walimwita Bwana Sindano, kwa kuwa alianza maisha akichanja ng'ombe. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje, kaziba pua kwa kitambaa.

"Huyo si mbweha. Mbweha alishakufa zamani. Jini limemvaa tu, kama koti. Nani alilikaribisha?"

"Mimi," fundi alisema.

"Basi mimi siliwezi. Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hatolewi na mtu baki."

"Mwenye nyumba gani?" mama mkwe alidakia. "Huyu naye ni mgeni tu hapa."

"Mama, angekuwa mgeni, mlango usingemtii." Bwana Sindano akashusha sauti. "Msilisemeshe neno, msilipatie kitu. Likisusiwa litachoka lenyewe. Ila lisishike kazi ya nyumba hii. Anayeshika kazi si mgeni tena."

Maneno ya mwisho fundi hakuyasikia vizuri. Alikuwa bado kwenye yale ya mlango kumtii. Uvundo ulikuwa unamkaba, njia ya utelezi inang'aa miguuni pake, na bado, aibu tupu, alifurahi.

Siku ya tatu walilikuta chumbani, limejiviringisha juu ya gauni la bibi harusi, likijilamba, na kila ulimi ulipopita ulibandua kipande cha ngozi chenye manyoya na kukibandika kwenye kitambaa cheupe. Hapo fundi alichoka kukaa kimya. Akaenda nyuma ya mlango, akatoa jembe.

"We! Mganga kasema lisipewe kitu," mama mkwe alinong'ona.

"Mama, mwenye nyumba ni nani?"

Mama mkwe akasogea kando, akampisha.

"Basi niache niseme nyumbani kwangu." Akalitupa jembe mbele ya kitanda. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Haya, shika jembe au shika njia!"

Lile jini likaacha kujilamba. Likasimama kwa miguu ya nyuma, viungo vikilia kimoja kimoja, likashika mpini kwa vidole ambavyo mbweha hana, likainamisha kichwa kwa adabu kama mkwe mpya, likasema kwa sauti ya kamasi, "Ahsante, mwenyeji," likatoka uani likaanza kulima, na likalima mchana ule wote bila kunyoosha mgongo, likichimba vishimo kumi na kimoja kwa mstari, kila kishimo likikitemea mate na kukipandia ngozi ya kuku kama mtu anayepanda mahindi, hadi jua lilipolegea na ua ukawa shamba safi ambalo hata mkulima mwenye wivu angelisifu. Kisha likaosha jembe na kulirudisha nyuma ya mlango.

Walipotoka kuchungulia walikuta ngozi ya mbweha chini, tupu, imekunjwa vizuri kama koti la mtu aliyefika nyumbani. Mume aliichoma moto. Harufu ikaisha. Usiku ule walilala usingizi wa watoto, na asubuhi mama mkwe akamletea fundi chai mwenyewe.

"Nyumba hii ni yako, mwanangu," alisema. "Nimekiri."

Fundi alilia kidogo, akafunga cherehani, akaenda kwa bibi harusi kuomba radhi na kupima gauni jingine. Alirudi saa sita, kajitwisha jora la kitambaa, mikono yote imeshika. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa, basi akapiga hodi ili afunguliwe.

Ndani cherehani ilikuwa inakimbia. Ikasimama.

"Karibu!" ilijibu sauti yake mwenyewe, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye pini mdomoni. "Pita tu, mlango uko wazi."

Jora likamdondoka. Akasikia vijiko, na harufu tamu ya nyama iliyolegea ikapita chini ya mlango, na sauti ya mama mkwe ikauliza kwa upendo ambao yeye aliungoja miaka tisa:

"Ni nani huyo, mwanangu?"

"Mgeni tu, mama."