Namba Zilizo Chini ya Picha

Bibi ndiye aliyempa jina la Kiroboto, na jina likamganda kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kila asubuhi mtoto huyu alikunywa chai amesimama, akavaa viatu huku akirukaruka kwa mguu mmoja, akafika getini ndipo akakumbuka kuwa mkoba umebaki mezani. "Haraka haraka haina baraka!" Mama alimwambia. "Ndiyo, Mama," alijibu, tayari akiwa barabarani.

Baada ya masomo alikwenda kusaidia kwenye studio ya Mjomba. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka, na kompyuta kuukuu iliyonguruma kama jokofu. Kiroboto alifagia, akakata picha za pasipoti, na akawakumbusha wateja wasicheke mbele ya kamera, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha. Kazi ikiisha, Mjomba alimwachia kamera yake ya zamani ajifunze nayo.

Wiki hiyo nyumba nzima haikutulia. Dada yake mkubwa alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, na shule moja yenye timu kali ilikuwa inatafuta wasichana wa kuwasomesha. Kila anayeomba alitakiwa kutuma picha moja, akiwa hewani anapiga mpira, ili walimu wa huko waone anavyoruka. Watakaowavutia ndio wangeitwa kwenye majaribio. Mjomba alikuwa na kazi nyingi za wateja, kwa hiyo akampa Kiroboto kamera aende nayo kwenye mechi ya nusu fainali, iliyochezwa ndani ya ukumbi wa michezo.

Kiroboto alipiga picha mfululizo. Alipiga akiwa nyuma ya wavu, akahamia pembeni, akapanda viti, akashuka. Jioni Dada alipoziangalia, alianza kwa kucheka.

"Huyu pweza ni nani?"

"Ni wewe, Dada."

"Mimi nina mikono mitano?"

Zote zilikuwa hivyohivyo. Dada alionekana kama moshi uliovaa jezi. Kicheko kilimwisha, akaketi kitandani. "Imebaki fainali tu, Jumamosi, mdogo wangu. Tukikosa picha pale, basi tena." Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Kiroboto zaidi. Usingizi wake ulikuwa wa kugeukageuka mpaka asubuhi.

Kesho yake hakufagia. Alimsalimia Mjomba mbiombio, akaketi kwenye kompyuta na kufungua ukumbi wa mtandaoni ambako wapiga picha huonyeshana kazi zao. Akatafuta mpira wa wavu. Hapo ikatokea picha moja ya msichana aliyeruka juu kabisa, kila unywele ukionekana, mpira umeganda hewani.

"Mjomba! Huyu amefanyaje?"

"Muulize mwenyewe," Mjomba alisema, akanyoosha kidole kwenye alama ndogo pembeni mwa picha. "Bonyeza hapo. Kamera huandika yenyewe ilivyowekwa, na mtu asipofuta, namba huenda pamoja na picha."

Kiroboto akabonyeza. Namba zikajitokeza chini ya picha. Mjomba akamfafanulia moja baada ya nyingine. Shata, yaani kile kipazia cha ndani ya kamera, ilifunguka kwa sehemu moja tu ya elfu mbili ya sekunde. Tundu la lenzi lilibanwa hadi namba nane, likawa dogo. ISO, ambayo ni kiasi cha kamera kujikaza kuona kwenye giza, ilikuwa mia mbili.

"Sasa, kabla hujazitumia, angalia..."

"Nimeshaelewa, Mjomba!" Kiroboto alikuwa ameshanyakua kamera na yuko mlangoni. Mjomba akabaki na sentensi yake mdomoni.

Ijumaa timu ilifanya mazoezi ya mwisho kwenye ukumbi uleule wa michezo. Kiroboto aliweka namba zile kama alivyoziona, bila kukosea hata moja, akapiga. Akatazama kioo cha kamera. Nyeusi. Akapiga tena. Nyeusi tii, kama chini ya sufuria. Dada hakuwemo, wavu haukuwemo, hata ukumbi wenyewe haukuwemo. Alirudi studio anakimbia, machozi yakimtoka, akabwaga kamera kwenye kiti cha kuzunguka.

"Watu wa mtandaoni ni waongo! Wanaandika namba za kutudanganya!"

"Kwanza kamera yangu haibwagwi," Mjomba alisema. "Pili, keti."

"Lakini Mjomba, mechi ni kesho na..."

"Keti, Kiroboto."

Akaketi, ingawa miguu iliendelea kucheza chini ya meza. Mjomba alifungua tena ile picha ya msichana aliyeruka. "Usimwangalie yeye. Angalia chini ya miguu yake. Unaona nini?"

"Mchanga. Na kivuli."

"Kivuli chepesi au kizito?"

Kiroboto akasogeza uso. Kivuli kilikuwa cheusi, chenye kingo kali. Taratibu akaona aibu ikimpanda masikioni. "Alikuwa juani," alisema kwa sauti ndogo. "Jua la mchana."

"Ehe. Yeye mwanga ulimzidi, ndiyo maana akabana tundu na kuharakisha shata. Wewe umezipeleka namba za juani kwenye ukumbi ambao nusu ya taa zake zimeungua. Hajakudanganya mtu hapo. Haya, sasa tuangalie pweza wako."

Kiroboto hakutaka kuwaona tena, lakini aliwafungua. Shata yake ilikuwa imekaa wazi kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. "Uliiachia kamera ijiamulie," Mjomba alisema. "Ilipoona giza ikaacha kile kipazia wazi muda mrefu, na dada yako hawezi kukungoja hewani."

Kisha wakatafuta picha zilizopigwa ndani ya kumbi. Walitazama moja, wakasoma namba zake, wakatazama taa zilizoonekana juu, wakaenda nyingine. Nyingine hazikuwa na namba. Wenyewe walikuwa wamezifuta. Kiroboto alitaka kunyanyuka mara chungu nzima, akajizuia. Polepole akaanza kuona mwenyewe: waliopiga ndani karibu wote shata zao zilikuwa kwenye takriban sehemu moja ya mia tano ya sekunde, matundu yamefunguliwa kadiri lenzi inavyoweza, na ISO iko juu.

"Hii yenye ISO ya elfu tatu na mia mbili imetoka vizuri," alisema. "Ila ukumbi wao unawaka taa zote. Kwetu itakuwa giza. Nikipandisha zaidi?"

"Picha itakuwa na chenga, vidoti vidoti kama mchanga."

"Chenga na ukungu, afadhali kipi?"

Mjomba akacheka. "Sasa unauliza maswali ya mpiga picha."

Siku ya fainali Kiroboto alifika wakati wachezaji wanapasha misuli. Alipiga picha chache za kujaribu, akatazama, akapandisha ISO, akapiga tena, akapandisha hadi Dada alipoonekana vizuri. Kisha akafanya jambo lililomshinda maisha yake yote: akachagua sehemu moja karibu na wavu, akakaa hapo. Mpira ulipanda, watu wakapiga kelele, miguu ikamwasha. Hakusogea. Seti ya mwisho mpira ulipoinuliwa upande wa Dada, kidole kilikuwa tayari.

Walishindwa mechi. Dada aliingia studio na jezi yake imelowa jasho, macho mekundu, hana hamu ya kuona chochote. Mjomba akafungua picha. Ilikuwa na chenga, kweli, lakini Dada alikuwa mzima, mikono miwili, juu ya wavu, kiganja ndiyo kwanza kimeuachia mpira. Dada akasogelea kioo cha kompyuta.

"Kumbe naruka hivi?" aliuliza, akalia tena, safari hii kwa furaha. Picha ikatumwa jioni ileile, na baada ya muda shule ikamwita kwenye majaribio.

Siku habari ilipofika, Kiroboto aliomba ruhusa ya Dada aiweke picha ile kwenye ukumbi wa mtandaoni. Dada akakubali. Mjomba akafuta alama ya mahali ilipopigwa, kwa usalama wao, lakini namba za kamera akaziacha.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema. "Anayekuonyesha namba zake amekukaribisha jikoni kwake. Usinyakue chungu ukakimbia. Simama uone moto wake ulikuwa mkubwa kiasi gani, halafu urudi kwako upime moto wako. Akili za kuambiwa, changanya na zako."

Kiroboto alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaandika chini ya picha, herufi moja moja: "Hapa nusu ya taa zilikuwa zimeungua. Ukitumia namba hizi, angalia kwanza taa zako."