Ufadhili Si Hifadhi

Getrude wa ghorofa ya pili anadai kwamba Sumaira ameuzwa. Anasema karatasi aliiona kwa macho yake mawili, siku alipompokelea barua. Ina muhuri wa serikali ya Pakistani, sahihi ya baba mzazi, na miaka mitano imeandikwa pale waziwazi.

"Baba kamweka binti rehani, Mama Belyse," alisema. "Ndiyo maana anasoma chuo kikuu bila kulipa. Mimi sisemi mengi, lakini mtazame vizuri."

Emérithe, mama yake Belyse, hakubisha. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Sumaira alikuwa jirani yao pale Hallonbergen, pembeni mwa jiji la Stockholm, binti mwembamba aliyefua nguo kila Jumamosi saa nne kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao. Akisubiri mashine alisoma kitabu, na mara nyingine alicheka peke yake. Mtu aliyeuzwa hucheka hivyo?

Emérithe alikuwa na sababu ya kutaka kujua. Mdogo wake, Armel, alikuwa amemaliza chuo Bujumbura, akisomea mambo ya maji. Sasa alitaka kuja Stockholm kusoma shahada ya pili. Zamani wageni walisoma Uswidi bure. Mwaka huo wa 2011, waliotoka nje ya Ulaya walianza kutozwa karo. Bila mtu wa kumlipia, Armel asingekuja. Na Emérithe alikuwa na miaka saba hajamwona ndugu hata mmoja wa tumbo la mama yake.

Jumamosi iliyofuata akajiwekea zamu ya mashine ya pembeni, saa nne.

"Sumaira, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza, baji." Kwao baji ni dada mkubwa. Wawili hao walizungumza Kiswidi walichojifunza kwenye darasa la wageni.

"Ni kweli umeuzwa?"

Sumaira alicheka mpaka akaegemea mashine. "Huyo ni Getrude! Sikiliza. Serikali yetu inatafuta wanaofanya vizuri vyuoni. Unafanya mtihani, unaandika barua, unahojiwa. Ukipita, wanakulipia usome nje. Nawe unaweka sahihi kwamba ukimaliza utarudi kufanya kazi nyumbani miaka mitano. Baba ni mdhamini wangu. Nisiporudi, yeye ndiye atakayeulizwa."

"Na wewe unataka kurudi?"

"Mashamba ya kwetu Multan yanaliwa na chumvi. Mimi nasomea ngano inayovumilia chumvi. Nikibaki hapa nitaipanda wapi, kwenye theluji?"

Emérithe akamweleza habari za Armel.

"Ufadhili wa kwetu hawezi kuuomba," Sumaira alisema. "Kila ufadhili una watu wake, kwa hiyo asome masharti kwanza. Lakini vyuo vya hapa navyo vinawasamehe karo wageni wachache waliofaulu sana. Aangalie kwenye ukurasa wa mtandao wa chuo anachokitaka. Aombe nafasi ya masomo, tena aombe ufadhili. Ni maombi mawili, kila moja na tarehe yake. Aangalie pia kama wanatoa karo tu, au na chakula na mahali pa kulala."

"Kula na kulala ni kwangu. Barua ya maombi ameshaandika."

"Niletee niisome."

Barua hiyo ilikuwa imesimamiwa na Vénant, mume wa Emérithe, kwa simu. Vénant alijiona fundi wa barua. Si maneno yake ndiyo yaliyowapatia karatasi za kuishi Uswidi? "Anza na vita," alimwambia shemeji yake. "Kambi ya wakimbizi usiiache. Machozi yaje ukurasa wa kwanza." Barua nyingine, ya kumsifu, iliandikwa na Pasta Fidèle, mtu mwenye muhuri wake mwenyewe.

Sumaira alizisoma zote mbili. Kisha akainua uso.

"Poleni sana kwa yote yaliyowapata, baji. Lakini maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Si anasomea maji? Kurasa tatu, hata bomba moja hakuna! Na huyu pasta anasema Armel hakosi ibada. Alishamwona akifanya kazi?"

Emérithe akatikisa kichwa.

"Mimi pia nilipoomba mwaka wa kwanza nilikosa," Sumaira akasema. "Barua ya kunisifu aliandika mbunge, rafiki wa mjomba. Alikosea hata jina la somo langu. Mwaka wa pili aliandika mwalimu aliyeniona nikipanda ngano kwenye makopo arobaini."

Hapo Emérithe akaelewa. Walipoomba hifadhi, ofisi ya uhamiaji iliwauliza: mkirudi kwenu mtapatwa na nini? Chuo kinauliza: ukija hapa utafanya nini?

"Baba Belyse, tumekosea," alisema alipofika nyumbani. "Tumechanganya hifadhi na ufadhili."

"Wewe na Mpakistani wako mtamkosesha mtoto. Mimi maneno yangu yalikataliwa?"

"Hayakukataliwa. Wewe ulikuwa unakimbia. Armel anakimbia nini?"

Vénant akamsogezea simu.

Emérithe akapiga simu Bujumbura. "Nani anaijua kazi yako?"

"Mwalimu Xavérine. Lakini dada, yule ni mkali! Alinirudisha mtaani mara tatu nikapime upya."

"Ukapime nini?"

"Maji yanayovuja kule Kinama. Nilitembea na ndoo, bomba kwa bomba. Kwenye barabara moja, kila ndoo kumi, nne zinapotea ardhini. Nikachora mahali pa kuziba."

Emérithe alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. "Mbona hukuyaandika?"

"Shemeji alisema hakuna anayelilia mabomba."

"Yaandike. Uandike na utakachofanya ukimaliza. Na umwombe barua huyo mkali wako."

Armel aliandika upya. Maombi ya nafasi yalikwenda kabla ya katikati ya Januari, na ya ufadhili mwezi uliofuata. Aprili jibu likaja. Amekubaliwa, na karo yote amesamehewa.

Getrude alipanda ngazi akipiga vigelegele. "Na huyu wa kwenu kanunuliwa?"

"Kafaulu, jirani. Kafaulu!"

Jumapili Armel akapiga simu. Emérithe hakumpa nafasi ya kusema. Alimweleza kitanda kitakapokaa, na jinsi atakavyotafuta kazi hapahapa akimaliza, maana hata Waswidi wana mabomba.

"Dada," Armel akamkatiza. "Kwenye barua nilisema nikimaliza nitarudi Kinama kuziba yale mabomba."

"Si uliandika tu ili wakukubali?"

"Niliandika kweli. Nitakaa kwako miaka miwili, halafu nitarudi. Naomba uniruhusu sasa, kabla sijapanda ndege."

Chumbani, binti yake Belyse alikuwa anasukuma kitanda cha mjomba, akiuliza kwa Kiswidi kama kikae karibu na dirisha. Emérithe aliishika simu kwa mikono miwili.

"Dada? Unanisikia?"

Alikuwa anamsikia vizuri sana.