Kipa Asiyeweza Kutundika Pazia

"Nitafutie huyu mtu."

Kaka yangu aliisukuma simu yake juu ya meza yangu ya ufundi, akavuta stuli ya wateja akakaa.

"Wewe si ndiye fundi? Nataka kujua ni nani."

Nikaiangalia ile simu... kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa mashabiki, picha ya jicho moja linachungulia kwenye nyavu za goli. Jicho la Golini. Wafuasi elfu thelathini na nane.

Jamani, niliiweka bisibisi chini.

Jicho la Golini ni mimi.

Ndiyo, huu huu ukurasa unaousoma sasa hivi. Usirudi nyuma kuangalia kama umekosea njia, uko pale pale. Leo hakuna tetesi za usajili, hakuna kikosi cha kesho. Leo nataja nilichofanya, na ukimaliza kusoma ukitaka kunitukana, nitukane tu, sitafuta komenti ya mtu.

Mimi ni fundi simu. Duka langu ni dogo mpaka aibu: meza, taa ya kukuzia, kopo la bisibisi, ukuta wa makava. Akiingia mteja mmoja, wa pili anasubiri nje ya mlango. Hilo la kusubiri nje likumbukeni, tutalirudia.

Na kaka yangu ndiye aliyekuwa kipa wetu. Miaka kumi na moja langoni, sita akiwa nahodha. Mnamjua vizuri sana. Msichokijua ni kwamba huyu aliyekuwa anamchambua humu kila wiki ametoka naye tumbo moja.

Tena yeye ndiye aliyenitia huu ugonjwa wa mpira. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, kaka akawa ndiye baba. Siku ya kwanza kwenda uwanjani nilikuwa na miaka sita, akanipandisha begani ili nione juu ya vichwa vya watu. Hii timu nilianza kuipenda nikiwa juu ya bega lake, na lilikuwa la kushoto.

Bega la kushoto ndilo lililoniponza.

Mechi ya mwisho ya msimu uliopita mnaikumbuka, sina haja ya kuwatonesha. Tulitaka sare tu. Dakika ya themanini na nane likaja shuti la kizembe, mpira wa kuokota kabisa... ukapita chini ya mkono wake wa kushoto. Kombe likaenda kwa watani, mwaka wa tatu mfululizo.

Siku mbili sikula. Watani walikuwa wanakuja dukani na simu nzima kabisa, eti fundi hebu niangalizie spika, kumbe wamekuja kunicheka.

Halafu ukaja usajili. Kocha mpya, winga mpya mwenye mbio, beki wa kati mrefu mpaka raha. Nikaanza kupanga kikosi kwenye karatasi za risiti. Nikaamini, kweli kabisa, kwamba msimu huu ni wetu. Ila kila nikifika nafasi ya kipa, kalamu inasimama. Pale bado alikuwa yeye.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilimchukia. Nilimpenda, na bado nampenda. Ila nilitaka ubingwa kuliko nilivyotaka furaha yake.

Jumapili moja tulikuwa kwa mama. Mama alikuwa ameshona pazia jipya la sebuleni, la maua ya bluu, akamwomba kaka alitundike kwa sababu ndiye mrefu. Kaka akapanda stuli, akainua mkono wa kulia vizuri. Wa kushoto ukafika usawa wa sikio ukagoma. Jasho likamtoka. Pazia likamwangukia kichwani, mama akacheka akidhani ni utani.

Kaka akashuka, akanivuta pembeni. Akasema bega linamsumbua tangu katikati ya msimu, na ile mechi ya mwisho alicheza nalo hivyo hivyo. Akaniomba nisimwambie mtu, mambo yake anayaweka sawa mwenyewe.

Nikamwambia, kaka, hilo limeisha. Nikapanda stuli nikalitundika mimi.

Kesho yake mchana, dukani, katikati ya kubadilisha kioo cha mteja, niliandika hivi:

"Kipa wetu hawezi hata kutundika pazia. Mkono wa kushoto haunyanyuki. Viongozi mnajua, au mpaka tufungwe tena? Habari kutoka ndani kabisa."

Nikarudi kwenye kioo cha mteja.

Mpaka saa kumi jioni, komenti elfu mbili. Mmoja wenu akaandika neno moja tu, Pazia, na likashika. Jumatano mkawa nje ya uwanja wa mazoezi mnaimba Pazia, Pazia. Kuna mtu akatundika shuka kuukuu kwenye uzio, limetobolewa katikati, ameandika "pitisha mpira hapa". Picha yake mlinitumia ninyi.

Nilicheka, nikaiposti.

Ijumaa ndiyo kaka akaja dukani.

"Anajua habari za bega," alisema. "Na hilo halijulikani na watu wengi."

Pazia hakulitaja hata mara moja. Wakati ule nilishukuru.

Nikachomeka simu yake kwenye kompyuta. Nikafungua ile programu ya kuflashia simu, yaani kuzirudishia mfumo wake, kioo cheusi, herufi zinashuka mbio mbio. Haina uwezo wa kumtafuta mtu yeyote, ila asiyejua akiiona anaogopa. Nikajifanya nasoma, mara nakunja uso, mara naguna.

Yeye alikuwa ameubana mkono wa kushoto ubavuni. Baadaye akaniuliza habari za biashara, akauliza kama mama amepata dawa zake za presha. Kisha akasema siku ya mechi ya ufunguzi nisifungue duka, ana jambo na mimi. Nikamwitikia sawa bila hata kuuliza ni jambo gani. Akili yote ilikuwa kwenye kutafuta mtu wa kumbebesha.

"Vipi, umempata?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, tuko wawili, damu moja...

"Hilo bega, kambini nani anakufunga bandeji?" nikamuuliza.

"Mzee Jezi."

Mzee Jezi ni mtunza vifaa wa timu. Anafua jezi, anapanga viatu, anawafunga bandeji. Yupo pale tangu kaka hajaota ndevu, na glovu za kwanza za kaka ni yeye aliyempa.

"Basi usitafute mbali," nikasema.

"Una uhakika?"

"Asilimia mia. Inaonyesha kila kitu kinatoka kwenye simu yake."

Kaka akaniangalia usoni. Mimi nikaangalia herufi zangu.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mdogo wangu. Ni Mzee Jezi?"

"Ni yeye, kaka."

Akachomoa simu yake taratibu, akaitia mfukoni, akasema asante. Akainama kidogo kupita mlangoni, maana mlango wangu ni mfupi kwake, akaondoka.

Nikashusha pumzi. Nikajiona mjanja.

Jumatatu klabu wakatoa ile picha. Ya rangi nyeusi na nyeupe, kaka amegeuka mgongo, chini yake: "Asante, Nahodha." Basi. Miaka kumi na moja, maneno mawili. Hakuna kuaga, hakuna hata mkutano wa waandishi. Jioni yake wakamtambulisha kipa mpya, kijana ana mikono mirefu kweli kweli.

Mlishangilia mpaka simu yangu ikapata moto. Mimi nikaandika "Hatimaye", nikaweka na emoji ya kombe pembeni. Laiki elfu kumi na mbili, haijawahi kutokea humu.

Nikampigia kaka. Hakupokea. Nikampigia tena jioni, na kesho yake asubuhi, ikawa haipatikani kabisa.

Jumatano, saa nne asubuhi hivi, akaingia Mzee Jezi na mfuko wa nailoni. Nilijua amekuja kunipiga. Tena nilishangaa amevaa sare ya klabu, kwa sababu kichwani mwangu nilishamfukuzisha kazi.

"Bado uko kazini?" nikajikuta nauliza.

"Kwa nini nisiwepo?"

Nikamwonyesha stuli, akakataa kukaa. Akatoa jezi kwenye mfuko, akaitandaza juu ya sakiti zangu. Mpya kabisa, ya msimu huu. Mgongoni, pale linapokaa jina la mchezaji, iliandikwa: MDOGO WANGU.

"Hii ni yako," akasema. "Alitaka uivae siku ya ufunguzi."

Akanieleza akiwa amesimama, sauti ya chini. Kwamba habari za bega kocha alizijua kabla kambi haijaanza, kaka alimpelekea mwenyewe vyeti vya daktari. Kwamba huyu kipa mpya mnayemshangilia alitafutwa na kaka, ndiye aliyewaambia viongozi wamsajili. Walishakubaliana. Kaka aanze mechi ya ufunguzi, adake dakika kumi, atoke, amvalishe kijana kitambaa cha unahodha mbele ya watu wote, kisha awe kocha wa makipa.

Nilichokuwa nakililia humu, kwamba aondoke, alishaamua mwenyewe. Alibakiza dakika kumi tu.

"Na aliomba kitu kimoja," Mzee akaendelea. "Wenzake wakiingia uwanjani wanashika mikono ya watoto wao. Yeye alisema mtoto wake wa kwanza ni wewe, ataingia na wewe."

Nikashika ukingo wa meza.

"Sasa mbona wamemuacha vile?"

"Kwa ajili ya Pazia. Viongozi wakaogopa watu watamzomea siku ya ufunguzi, itaharibu shughuli. Wakampa mpaka Jumatatu. Huo ukurasa ukijirekebisha, anaaga. Usipojirekebisha, picha moja na kwaheri. Ndiyo maana Ijumaa alikuja hapa."

"Alikuja nimtafutie mtu..."

"Huyo mtu kaka yako alishamjua." Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza. "Pale kambini tulijua bega. Pazia hakuna aliyelijua. Nilipomuuliza pazia gani hilo wanaloimba, aligeuza uso. Alikujua siku ile ile uliyoandika."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alitaka umwambie wewe. Alisema, nikimkabili ataomba msamaha kwa woga. Akisema mwenyewe, yameisha, namkabidhi jezi yake hapo hapo, anaandika maneno mawili ya kuwatuliza watu, tunaenda. Alikuuliza mara tatu. Nilihesabu."

"Ulihesabu vipi, Mzee?"

"Nilikuwa nje ya mlango, na mfuko huu huu mkononi. Duka lako haliingii watu wawili." Akaanza kuondoka, akasimama kizingitini. "Nilisikia unavyonitaja. Kaka yako alipotoka hakuweza kuniangalia machoni, kama vile aliyeniuza ni yeye."

Akaenda zake. Mimi nilifunga duka saa hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa mama. Kabla hata ya kubisha hodi niliona dirisha la sebuleni liko tupu, jua linapiga mpaka ndani kwenye kochi. Pazia la maua ya bluu lilikuwa limekunjwa juu ya kabati. Majirani walikuwa wanapita wanalionyesha kidole wakicheka, mama akaona alishushe.

Nikaanza kujieleza. Mama akanyanyua mkono.

"Siku ile humu ndani tulikuwa watatu," alisema. "Mimi hata meseji nasomewa."

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, nikaaga, akaitikia bila kugeuka.

Kaka amehamia mji mwingine. Mama anajua ni wapi, haniambii, na sina uso wa kumlazimisha.

Kesho ndiyo mechi ya ufunguzi. Najua mlivyo, maana nilikuwa hivyo hivyo: mmeshapanga nguo, mmeshabishana kikosi. Pengine tutashinda. Pengine mwaka huu kombe ni letu kweli, maana kijana langoni amechaguliwa na mtu anayejua.

Nami hilo kombe sitaweza kuligusa.

Kama kuna la kujifunza hapa, ni hili. Yule mnayemwita gunia, pazia, mzigo, ana nyumbani kwao. Kuna mama anasikia. Na wewe unayeandika ukiwa umejificha nyuma ya picha ya jicho, usidhani hujulikani. Anayekupenda anakujua kwa neno moja tu, na atakaa mbele yako akisubiri useme. Sema. Mimi nilipewa nafasi tatu nikazila zote.

Ninawaomba kitu kimoja, halafu ukurasa huu naufunga. Kesho dakika ya kumi, ile ambayo kaka yangu angetoka uwanjani, simameni mpige makofi. Mlimzomea kwa sababu yangu, basi mpigieni makofi kwa sababu yake. Pengine mahali alipo atakuwa na redio.

Mimi uwanjani sitakuwepo. Saa ya mechi nitakuwa mlangoni kwa mama na stuli yangu ya dukani, nimwombe nilirudishe lile pazia.

Sijui kama atanifungulia.