Aliyenishikia Pumzi

Jioni ile nilikwenda uwanja wa shabaha kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya mchujo wa timu. Dada yangu alinisindikiza. Alikaa kwenye benchi nyuma yangu akipinda gauni la mteja, maana fundi cherehani hana jioni. Mkono wake haujui kutetemeka. Anatunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga. Wangu, Mungu anajua. Msimamizi alizoea kusema mahali salama kuliko pote uwanjani ni mbele ya karatasi ninayoilenga mimi.

Bunduki yangu ni ile ndogo, ya risasi nyembamba. Haina kishindo wala teke, kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Kosa lilikuwa pumzi. Unalala kifudifudi kwenye mkeka, unavuta hewa, unaitoa nusu, unaishika iliyobaki, kisha unabonyeza kifyatuo taratibu. Mimi nikiishika tu, moyo unapiga ngoma na mtutu unacheza.

Msimamizi akaenda kufunga ghala. Jua likazama.

Tap. Risasi ikaenda kombo.

Ndipo nikasikia harufu. Haikuwa baruti. Ilikuwa kama ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi na kufungiwa sandukuni...

"Unashika vibaya," mwanamke akaninong'oneza sikioni.

Uwanjani pale kuna sheria ambayo mgeni hufundishwa hata kabla ya kuonyeshwa choo: kidole kikiwa kwenye kifyatuo, usijibu sauti yoyote. Toa kidole, laza bunduki, ndipo ugeuke. Nilidhani ni sheria ya usalama tu.

"Najua," nikajibu, jicho langu likiwa kwenye shabaha.

"Nikushikie?"

Nilidhani ni mke wa mmoja wa wenzetu ananitania. "Nishikie basi, labda nitapata."

Kifua changu kikatulia.

Kikatulia kabisa.

Nikabonyeza. Katikati. Nikapakia, nikabonyeza tena. Tundu lile lile. Sitadanganya, nilifurahi mno. Nikalenga kwa muda mrefu zaidi, na wala sikuhisi haja ya hewa.

Nyuma yangu, mkasi ukaanguka sakafuni.

Nikageuka. Dada alikuwa amesimama, mdomo wazi, macho yamemtoka, mikono yote miwili shingoni. Hewa haikuingia wala kutoka. Kwenye mkeka wa jirani hapakuwa na mtu, lakini ulikuwa umebonyea kwa urefu wa mtu aliyelala.

"Mwachie," nikasema. "Nilikupa yangu."

"Yako inatetemeka," sauti ile ikanong'ona. "Nimechukua iliyotulia."

Bunduki niliyoiacha chini ikalia yenyewe.

Tap.

Dada akavuta hewa kwa mkoromo, akaniangukia mikononi. Nilimbeba mpaka nyumbani, nyuma tu ya ukuta wa uwanja, nikilia njia nzima.

Daktari anasema mapafu ni mazima. Nimejitoa kwenye timu, na bunduki nimeirudisha ghalani. Haikusaidia kitu. Kila jua likizama, dada anakwama katikati ya neno, na pumzi hairudi mpaka mlio usikike kule uwanjani. Jana msimamizi alikuja mlangoni.

"Kaka, karatasi yako kila asubuhi ina tundu moja, katikati kabisa," akasema. "Nani anakuja kukupigia?"

Nikamwomba aitupe bunduki ile. Akasema aliitupa juzi.

Mwanzoni pumzi ilikatika kwa muda wa kupepesa macho tu. Siku hizi naweza kutoka chumbani, nikachota maji, nikarudi, na bado hajapumua.

Sasa jua limezama. Dada amenibana kiganja, midomo yake imeanza kubadilika rangi. Nimefungua dirisha ili nisikie. Namwomba Mungu risasi ilie, hata moja tu...

Kimya.

Huyo aliyeko mkekani anazidi kuwa hodari, na mlengaji hodari hana haraka.