Aliyemwandika Ginny

"Burt, jina langu liko wapi?"

Burt Ansel alijifanya hajasikia. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha waandishi, sigara mdomoni, anataniana na fundi wa taa aliyekuwa akipita.

"Burt! Naongea na wewe."

"Punguza sauti, mpenzi. Watu wanasikia."

"Waache wasikie. Hapa pameandikwa 'Mwandishi: Burt Ansel.' Basi. Mimi niko wapi?"

Halina Wojtkowiak alikuwa ameshika mswada ambao bado ulinuka wino. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Hollywood, mwaka 1957, na baada ya dakika kumi waigizaji wangekaa mezani kuusoma kwa mara ya kwanza. Ijumaa jioni wangeuigiza mbele ya watu mia tatu, kamera zikirekodi. Kipindi chenyewe kilikuwa "Nyumbani kwa Akina Pruitt", kile kichekesho cha Ginny Pruitt na mumewe Walter ambacho kila Jumanne kilifanya nusu ya Amerika iache vyombo vichafu jikoni ikimbilie sebuleni.

Burt alikuwa mkuu wa waandishi. Halina alikuwa mpiga taipu wao. Hivyo ndivyo watu walivyojua. Wasichojua ni kwamba kwa miaka miwili wawili hao walikuwa wapenzi, na kwamba vichekesho vingi vilivyompa Burt sifa vilizaliwa kwenye meza ndogo ya Halina, Jumapili mchana, yeye akiandika na Burt akiwa amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Lakini mswada huu ulikuwa tofauti. Huu Halina aliuandika peke yake, neno kwa neno, na Burt aliapa kwamba safari hii jina lake litaonekana.

"Uliniahidi," Halina akasema.

Burt akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Sikiliza, mama. Mimi nakupenda, sivyo? Lakini lile jina lako... Wojtkowiak! Likitokea kwenye televisheni watu watadhani mitambo imeharibika."

Akacheka. Halina hakucheka.

"Halafu mdhamini," Burt akaendelea. "Hawa watu wa kampuni ya sabuni wanaotulipia kipindi wakisikia kipindi kimeandikwa na mpiga taipu, wataanza maswali. Tulia kwanza. Juni nakuoa. Ukishakuwa Bibi Ansel, jina hilo si litakuwa lako? Sasa unagombania nini?"

Miaka miwili Halina alikuwa akilisubiri neno hilo. Aliliota akiwa anasuuza soksi zake, aliliota akiwa kwenye foleni ya mkate. Leo limekuja, na limekuja kama pipi anayopewa mtoto ili anyamaze.

"Hiyo ni posa au ni rushwa?" akauliza.

"Halina, usiwe hivyo."

Halina akaendelea kufunua mswada. Alikuwa ameshafika kurasa za mwisho, na macho yalikuwa yamemtoka.

"Na huu mwisho ni wa nani? Mimi sikuandika hivi."

"Mdhamini aliomba kidogo tu—"

"Ginny anagonga ukuta wa gereji kwa gari? Anapiga magoti? Anamwambia mumewe 'Nisamehe, Walter, usukani si kazi ya mwanamke'?"

"Ni kichekesho tu!"

"Umeniibia mtoto, Burt, kisha ukamvunja miguu."

Akautupa mswada mezani, akatoka.

Jioni ile alimpigia mama yake simu, mbali huko Detroit. Mama alikuwa mjane, bado anaendesha bucha aliyoiacha marehemu.

"Mama, Burt amesema atanioa."

"Sasa mbona unalia?"

Halina akamweleza yote.

"Mwanangu, baba yako alipofungua bucha, mchora kibao alimwambia jina ni refu, alikate liwe Wojt. Unajua alimjibu nini? 'Ongeza ubao.'"

"Lakini Mama, nampenda."

"Mpende. Nani kakukataza? Ila mwanaume anayeona jina lako ni mzigo leo, kesho atakuona wewe mwenyewe ni mzigo. Sasa kata simu, unamaliza pesa bure."

Jumatano walikuwa jukwaani kwa mazoezi. Kulikuwa na sebule ya akina Pruitt, jiko lao, na pembeni nusu ya gari, maana nusu ya pili kamera haikuihitaji. Halina alikaa kwenye kona yake, penseli mkononi, kuandika mabadiliko. Mtayarishaji, Bwana Oscar Fentriss, alikuwa amekaa mbele na Bwana Crandall, mtu wa kampuni ya sabuni iliyodhamini kipindi.

Maxine Delray, aliyeigiza Ginny Pruitt, akasimama katikati ya igizo.

"Burt, hebu njoo. Nina swali."

"Niulize, malkia wangu."

"Ukurasa wa kumi na mbili, kabla sijashuka ngazi kwenda kwenye gari navua viatu. Kwa nini?"

Burt akakuna shingo.

"Ee... inachekesha. Mwanamke akiwa peku, watu wanacheka."

"Wanacheka nini? Miguu yangu ina nini?"

Mafundi wakaangua kicheko. Maxine hakuwa akitania.

"Halafu ukurasa wa ishirini na tisa nagonga ukuta kwa sababu kisigino kimenasa kwenye breki. Kisigino gani? Si nimevua viatu? Burt, kurasa ishirini na nane za kwanza zina uhai. Hizi mbili za mwisho ni maji ya kuoshea vyombo. Mtu aliyeandika zile hakuandika hizi. Viatu ni vya nini?"

"Nimeshakwambia—"

"Alijifunza kwa siri."

Sauti ilitoka kona. Watu wote wakageuka. Halina alikuwa amesimama, na penseli ilikuwa imeanguka chini.

"Ginny alijifunza kuendesha Jumapili mchana, Walter akiwa amelala," akasema. "Angeshuka ngazi na viatu vyake, Walter angeamka. Kwa hiyo alishuka peku, akajifunza peku. Hajawahi kukanyaga pedali akiwa na viatu. Ndiyo maana hawezi kugonga ukuta. Yule mwanamke anaendesha vizuri kuliko mumewe."

Maxine akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyemwandika Ginny," akasema polepole.

"Ndiyo. Mimi."

Bwana Fentriss akainuka kitini. "Burt?"

Burt alikuwa mwekundu kama nyanya. "Tuli... tuliandika pamoja, Oscar. Halina alinisaidia. Anapiga taipu vizuri."

"Sema vizuri, Burt," Halina akasema. "Nilikusaidia wapi? Taja ukurasa mmoja ulioandika wewe."

Burt akaanza kupekua mswada. Akatazama sakafu.

"Hizo mbili za mwisho," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

Bwana Crandall akakohoa. "Samahani, mimi haya ya nani kaandika hayanihusu. Ninachotaka ni mwisho uliokubaliwa. Akina mama wanaonunua sabuni yetu ni watu wa nyumbani. Hawatapenda mwanamke anayemdharau mumewe."

"Kuendesha gari ndiyo dharau?" Halina akauliza.

"Binti, kaa chini."

"Sikai. Mke wako anaendesha gari, Bwana Crandall?"

"Hilo halikuhusu!"

"Anaendesha," Maxine akadakia. "Leo asubuhi nimemwona akikushusha pale getini. Tena alikupigia honi kwa sababu ulisahau mkoba."

Hapo hata mwongozaji alicheka. Lyle Hobart, aliyeigiza Walter, ilibidi ashike kochi asianguke. Bwana Crandall akavaa kofia yake.

"Fentriss, uamuzi ni wako. Lakini mimi nitaandika barua kwa wakubwa wangu."

"Andika," Maxine akasema. "Na mimi nasema mbele ya wote: kupiga magoti sipigi. Mkitaka wa kupiga magoti, Ijumaa mtafuteni Ginny mwingine."

Bwana Fentriss alifuta jasho kipara kizima. Alikuwa mtu mwoga, kila mtu alijua, ila alijua pia kichekesho kizuri akikiona.

"Halina, mwisho wako unao?"

"Ninao."

"Ijumaa tutacheza wako, na jina litakuwa lako. Lakini nisikilize vizuri: watu wasipocheka, Jumatatu usije kazini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bwana Fentriss."

Alhamisi asubuhi alikuta karatasi imechomekwa kwenye taipu yake. Mwandiko aliujua.

"Halina, umeniaibisha mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka minane. Sina hasira. Nakupenda. Njoo nje tuongee. B."

Alitoka. Burt alikuwa amesimama karibu na ghala la mavazi, macho mekundu, kiganjani kisanduku kidogo cha buluu.

"Nilikuwa nayo tangu Krismasi," akasema, akakifungua. Pete ikang'aa juani. "Sikununua jana. Naapa."

"Nakuamini."

"Basi nioe... yaani, tuoane. Jumamosi hii. Tutapanda gari mpaka Las Vegas, kule ndoa hufungwa siku hiyo hiyo, hatumwambii mtu. Nilikosea, Halina. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba watu wakijua wewe ndiye mwenye kipaji, hawataniuliza tena mimi kitu."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza alilomwambia wiki ile, na lilimchoma Halina kuliko uongo wote. Alimpenda mtu huyu. Alijua jinsi anavyokoroma, alijua anavyoogopa mbwa. Kwa sekunde chache mkono wake ulitaka kunyooka wenyewe kwenye kile kisanduku.

"Jana ulipoulizwa mbele ya watu," akasema, "ulisema napiga taipu vizuri."

"Nilibanwa!"

"Mimi pia nilibanwa, Burt. Nilikuwa mpiga taipu anayebishana na mdhamini. Nilisema kweli."

"Kwa hiyo unanikataa kwa ajili ya kichekesho cha dakika thelathini?"

"Nakukataa kwa ajili ya miaka thelathini ambayo ningekaa nawe nikiongea kwa kunong'ona."

"Utajuta, Halina. Hapa mjini mwanamke mwenye mdomo hadumu."

"Basi nitajuta kwa sauti. Funga kisanduku, wanakuita ndani."

Machozi yalimtoka akiwa chooni, bomba limefunguliwa. Alilia kweli. Kisha akanawa uso, akapaka rangi ya mdomo, akarudi mezani.

Ijumaa jioni viti vyote mia tatu vilijaa: mabibi wenye kofia, wanajeshi walio likizo, wanandoa waliotoka Ohio na Nebraska. Kabla taa hazijawaka tarishi alimletea Halina telegramu. "SIMAMA WIMA. MAMA." Akaikunja, akaiweka kwenye kiatu maana gauni halikuwa na mfuko.

Nusu ya kwanza watu walicheka hadi wengine wakawa wanajifuta macho. Maxine akashuka zile ngazi peku, viatu kwapani, akinyata, na mwanamke mmoja wa mstari wa tatu akapiga kelele: "Kimbia, dada, kabla hajaamka!" Ukumbi ukalipuka.

Halafu ukaja mwisho. Walter Pruitt amechelewa kwa bosi wake, mkono wake umeteguka, hana wa kumwendesha. Anatoka nje, anamkuta mkewe ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma. Anamtazama. Anatazama miguu ya mkewe, iko peku. Anazunguka taratibu, anapanda upande wa pili, anashika kofia yake kwa mkono mzima.

"Tangu lini?" Walter akauliza.

"Tangu Machi," Ginny akajibu.

"Na kila Jumapili nikiamka unaniambia ulikuwa kanisani!"

Ginny akatia gia. "Nilikuwa nasali, Walter. Kila nikifika kwenye kona."

Kimya. Sekunde moja. Mbili. Nyuma ya kamera, Halina aliuma penseli yake. Bwana Fentriss alikuwa ameziba macho.

Ndipo kicheko kikaja. Kilianzia kwa yule mwanamke wa mstari wa tatu, kikapanda juu, kikageuka makofi, na mabibi wenye kofia wakasimama. Makofi hayakuisha. Mwongozaji alizima kamera na bado yakaendelea. Maxine akatoka kwenye ile nusu ya gari, akaenda hadi kona, akamvuta Halina kwa mkono mpaka kwenye mwanga.

"Huyu hapa!" akawaambia watu. "Huyu ndiye aliyeandika! Anaitwa Halina... haya, sema mwenyewe, mimi nitaliharibu."

"Halina Wojtkowiak," akasema.

"Hawajakusikia kule nyuma!"

"Wojtkowiak!" akapaza sauti.

Upande wa giza, karibu na mlango, Burt alikuwa amesimama peke yake. Alikuwa anapiga makofi, polepole, kama mtu anayejifunza.

Bwana Crandall aliandika barua yake kweli, na wakubwa wake wakajibu kwamba mke wa mwenyekiti wa kampuni alikuwepo ukumbini, na angependa kujua kipindi kingine cha namna ile kitakuwa lini.

Jumatatu saa tatu Halina aliingia chumba cha waandishi. Wanaume watano walikuwa wamezunguka meza, Burt akiwa mmoja wao. Safari hii Halina hakwenda kwenye taipu pale dirishani. Alivuta kiti cha sita, akakaa, akafungua daftari.

Sid Barlow, mzee kuliko wote, akamnyooshea kikombe kitupu bila hata kuinua macho.

"Halina, mrembo, kahawa."

Halina hakuchukua kikombe.

"Birika lile pale, Sid. Ukienda, niletee na mimi. Bila sukari."

Sid akabaki mkono hewani, mdomo wazi. Wengine wakatazamana.

Burt ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwenye birika, akamimina vikombe viwili, akaweka kimoja mbele ya Sid na kingine mbele ya Halina, kisha akarudi kukaa.

"Asante, Burt," Halina akasema. Akanywa funda moja, akachukua penseli. "Haya, jamani. Wiki hii Ginny anataka nini?"